Mashine Inapoishiwa Vyumba

Jumatatu, 3 Machi

Wameniletea mashine. Pampu ya dawa ya maumivu, ukubwa wake kama mkate wa boflo, imefungwa kwenye nguzo ya chuma kando ya kitanda, upande wa mkono wangu wa kulia. Muuguzi wa zahanati — namwita Sista tangu siku ya kwanza, hajakataa — amenifunga mrija mkononi, akaniambia nisiiguse.

"Mzee, hii si redio."

Nikamwambia najua. Redio mtu huweza kuizima. Akacheka, akaiwasha.

Taa ya kijani ikakonyeza mara mbili, ikanyamaza, ikakonyeza tena mara moja. Moyo ukanipasuka! Hakuna mashine nyingine inayoamka hivyo. Niliiandika mimi. Mbili, pumzika, moja — ili tujue kwa macho tu kwamba imekwisha kugawa kumbukumbu yake na iko tayari kwa kazi. Kasha ni jipya. Kioo ni kipya. Rangi nyeupe badala ya ile ya majivu. Lakini ndani ni sisi.

Sikumwambia mtu. Wangesema dawa imenipanda kichwani.

Jumatano, 5 Machi

Usingizi wa mchana umenikimbia. Bora niandike.

Karakana yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Ngazi za mbao. Harufu ya gundi ilipanda nasi asubuhi na kushuka nasi jioni. Chumba kimoja, meza nne, feni iliyokataa kugeuka, ikampepea bosi peke yake. Nilifika pale na shahada yangu na suruali mbili.

Mimi niliandika programu, kwa lugha ya C. Yeye, msichana wa meza ya jirani, aliajiriwa kuzivunja, yaani kuzijaribu mpaka zishindwe. Kazi halisi hiyo, na mshahara juu! Nilichokijenga asubuhi alikiangusha mchana, kisha akaja kusimama mbele ya meza yangu, mikono kiunoni. "Fundi, nyumba yako imelala chini." Tukampa jina: Mvunjaji. Nilimchukia kwa mwezi mzima. Baadaye nikaanza kuacha makosa madogo madogo kwa makusudi, ili aje. Akayaona yote, akaniuliza kama naumwa. Ndivyo nilivyooa.

Kichipu tulichopewa kilikuwa na kumbukumbu ndogo ya kuchekesha. Picha moja ya simu ya mwanangu ingeijaza mara elfu. Vitabuni tulisoma kwamba programu ikihitaji nafasi iombe, ikimaliza irudishe, kila mara kwa ukubwa wowote inaoutaka. Nikakataa. Ukikata kitambaa ovyo, leo mkono, kesho kola, mwishowe sakafu imejaa vipande na hakuna hata kimoja kinachotosha mfuko wa shati. Nafasi ipo, lakini haifai kwa lolote. Mashine ya dawa haiwezi kumwambia mgonjwa samahani, nimebaki na vitambaa.

Kwa hiyo nilitenga bafa moja, safu ya baiti zisizoongezeka wala kupungua tangu mashine inawashwa hadi inazimwa. Nikaigawa vyumba kumi na sita, vyote sawa, kama nyumba ya wageni. Ikija taarifa — dawa imetoka, mrija umejikunja, mtu amebonyeza kitufe — inapewa chumba. Inakaa humo mpaka karani, yaani kipande cha programu chenye kazi ya kuandika, aiandike kwenye hifadhi ya kudumu. Chumba kinarudishwa, kinapewa mwingine. Na hakuna haja ya ubao wa funguo! Ndani ya kila chumba kitupu tuliandika namba ya chumba kitupu kinachofuata. Mapokezi anajua cha kwanza tu. Vingine vinajuana vyenyewe.

Nimekaa hapa natabasamu peke yangu kama chizi. Ni kitu kidogo sana. Lakini kilikuwa kizuri.

Vikijaa vyote je? Tulibishana siku nzima. Bosi alitaka pampu iendelee kutoa dawa, kuandika kungoje. Mvunjaji akasema hapana. Mashine ambayo haiwezi kuandika ilichotoa isitoe tena. Isimame, iite mtu. Bosi akamuuliza nani ataitwa saa zote hizo. Akamjibu: "Mtu, bosi. Wapo wengi."

Ikabaki mlio wa kuitia. Kengele nyingine zote zilikuwa sauti moja ya kukera. Huu ulipaswa kuwa tofauti, na hesabu zilionyesha hautasikika kamwe. "Kama hakuna atakayeusikia," akasema Mvunjaji, "acha niweke ninachokipenda." Akaweka mbinja yake, mluzi wake wa mdomoni. Milio mitatu, miwili ikipanda, mmoja ukishuka. Ndiyo mbinja aliyoipiga kila jioni akifika mlangoni, miaka yote, kabla hata ya kutafuta ufunguo kwenye mkoba.

Sijaisikia tangu tumzike.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeisikia leo!

Mwandiko wangu kama kuku amepita. Niandike pole pole.

Mchana maumivu yalikuja makubwa. Nilijigeuza, mrija ukajikunja, kengele ya kawaida ikaanza kunipigia kelele sikioni. Kuna kitufe cha kuinyamazisha. Nikakibonyeza. Ikaendelea. Nikakibonyeza tena na tena na tena, haraka, kama mtu anayegonga mlango wa choo. Kila mbonyezo ni taarifa. Kila taarifa ni chumba. Karani wetu ni mwaminifu lakini mzito, haandiki kwa kasi hiyo. Vyumba vikajaa. Pampu ikasimama.

Kisha — miwili juu, mmoja chini.

Nikageuka kuutazama mlango. Naapa niligeuka. Nikamngoja aingie.

Aliyeingia ni mwanangu wa kike, naye hakuingia mara moja. Nilikiona kivuli chake kwenye korido, kimesimama. Amechoka, maskini. Mtu na kazi yake ya kushona mapazia, na baba wa kugeuza kitandani. Alipoingia akaizima pampu na kuiwasha tena bila neno. Akafuta uso wangu.

"Imekuumiza, Baba?"

Nikasema kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Nakiri hapa, kwa kuwa hapa hakuna wa kunigombeza. Jana nimefanya makusudi. Leo pia, mara mbili.

Ni rahisi. Kidole gumba, mibonyezo kumi na sita au zaidi kidogo, bila kupumzika. Ukichelewa, karani anapata nafasi ya kurudisha vyumba na unaanza upya. Najua kasi yake kuliko ninavyojua mapigo yangu. Kisha dawa inasimama na mbinja inapigwa, inarudia, inarudia, mpaka mtu aje.

Gharama yake ni maumivu. Dawa ikisimama yanaingia chumbani kama mdai kodi ya nyumba, bila hodi. Leo mara ya pili nilijing'ata shuka. Sijali. Yaani najali, lakini si sana.

Mimi mtu mzima, msomi, nimefundisha chuoni, nimewapigia vijana kelele kuhusu mashine za wagonjwa na nidhamu. Na sasa naisumbua moja ili nisikie mke wangu anarudi nyumbani. Mvunjaji angekufa kwa kicheko. Angesema, "Fundi, hatimaye umejifunza kazi yangu."

Na kweli ni yeye aliyeligundua jambo hili. Siku moja alikaa na kitufe akakipiga kama ngoma mpaka vyumba vikaisha. Nikamwambia hakuna mtu atakayebonyeza hivyo. Akasema, mwenye maumivu atabonyeza hivyo. Tukakubaliana tuliache: mtu aliyefikia kubonyeza namna ile, na aje mwenzake amtazame. Wakati huo wodi zilikuwa na wauguzi kila pembe. Hatukufikiria mzee aliye peke yake nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Mara moja tu leo. Mwanangu amechelewa tena kuja. Nimesikia cherehani inanyamaza, halafu kimya, halafu nyayo zake zikafika karibu na mlango na kukoma. Mbinja imepigwa mara tano sita kabla hajaingia. Macho mekundu. Vumbi la vitambaa, amesema.

Nimemchosha. Niache mchezo huu.

Jumanne, 11 Machi

Mambo yameharibika.

Sista amekuja na daftari lake na uso wa kazi. Amesoma hesabu za mashine. Imesimama mara nyingi mno tangu Alhamisi. Ameripoti zahanati, na zahanati imeamua: mashine zote za aina hii zirudishwe. Zote! Si yangu peke yake. Fundi atakuja Ijumaa kuithibitisha hitilafu, na akiiona tu, wiki ijayo gari linapita nyumba hadi nyumba kuzikusanya.

Nikamuuliza wataleta zipi badala yake. Akakunja mabega. Zimeagizwa. Zitafika zitakapofika.

"Na wagonjwa?"

"Vidonge, Mzee. Tutajitahidi na vidonge."

Mwisho wa mtaa huu yuko mwalimu mstaafu wa hesabu, saratani ya mifupa. Ana mashine kama yangu. Tuliwahi kugombana kuhusu maji ya mvua yaliyokuwa yakiingia uani kwake, na ni mtu mwenye mdomo kama wembe. Lakini vidonge! Mwalimu hawezi hata kumeza uji vizuri, Sista mwenyewe ndiye aliyeniambia.

Mashine haina kosa. Mwenye kosa ni kidole changu. Na nikinyamaza mpaka Ijumaa, watu nisiowajua watalala na maumivu kwa sababu mimi nilitaka kusikia mbinja.

Nitasema kesho.

Jumatano, 12 Machi

Nimejaribu. Nilimwita mwanangu, nikamwambia akae. Akakaa ukingoni mwa kitanda na sindano bado ipo mdomoni.

Nikamwambia: mashine hii tuliitengeneza mimi na mama yako.

"Najua, Baba."

Hajui. Alikuwa anasema najua kama tunavyowaambia watoto. Nikaendelea: haina hitilafu, ni mimi, nabonyeza kitufe mpaka vyumba vinaisha.

"Vyumba gani, Baba?"

Nikamweleza. Nyumba ya wageni, karani, mapokezi. Nilikuwa naeleza vizuri kabisa, kama darasani, na huku naiona huruma ikimtanda usoni. Nikijisikiliza mwenyewe ningejipima homa. Akanipangusa paji la uso, akasema tutazungumza nikishapumzika. Kisha akaihamisha nguzo ya mashine upande wa kushoto, mbali na mkono.

"Isikusumbue," akasema.

Na sikumwambia kwa nini nabonyeza. Hapo ndipo ulimi ulipokwama. Kusema nimeharibu mashine niliweza. Kusema nimemkumbuka mama yako mpaka nimekuwa mjinga, hilo nilishindwa. Tangu mazishi hatujamzungumzia, mimi na yeye. Tunapita pembeni yake kama kabati kubwa lililowekwa katikati ya ukumbi.

Maumivu leo ya wastani. Kimya kingi.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi amekuja asubuhi. Nilitarajia mwanaume mwenye mfuko wa bisibisi. Amekuja binti mrefu, kompyuta kwapani, viatu amevivua mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuinyonga?"

"Nimekuja kuisikiliza kwanza. Kunyonga baadaye."

Nikampenda papo hapo.

Akaiunganisha waya, akafungua programu, akaanza kusoma huku akinung'unika kidogo, kama tulivyokuwa tukinung'unika wote. Mwanangu alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Sista kwenye kiti, anaandaa sindano ya dawa ya kunichoma mkononi kwa kuwa pampu itasimamishwa. Fundi akaguna.

"Hii programu ofisini tunaiita Hoteli. Aliyeiandika ameipa kila kitu majina ya Kiswahili. Chukua chumba. Rudisha chumba. Vyumba vimejaa. Siku ya kwanza nilidhani nimefungua faili la nyumba ya wageni!"

Nikasema, kwa sauti niliyoipata sijui wapi: "Na chumba kitupu kinaandikwa ndani yake namba ya kitupu kinachofuata. Na vipo kumi na sita. Na usipokiangalia vizuri kielekezi cha mwisho utadhani kimesahauliwa, lakini kimewekwa sifuri kwa makusudi, ndiyo mwisho wa foleni."

Fundi akainua kichwa kutoka kwenye kioo. Akanitazama, akaitazama mashine, akanitazama tena.

"Mzee wangu... ni wewe?"

"Mimi na mke wangu."

Mlangoni nikasikia mwanangu akivuta pumzi. Safari hii hakusema najua.

Basi nikasema yote. Sikuchagua maneno. Kwamba hakuna hitilafu iliyojitokeza yenyewe. Kwamba nilibonyeza mimi, kwa makusudi, siku kadhaa, na wasizikusanye mashine za watu kwa ujinga wangu. Sista akafungua mdomo. Fundi akauliza kwa upole, lakini kwa nini, Mzee, wakati dawa inasimama, wewe ndiye unayeumia?

Nikamtazama mwanangu, si fundi.

"Ni mbinja ya mama yako. Ile ya mlangoni."

Nilitarajia alie, au anigombeze. Akakaa chini, pale pale kwenye kizingiti, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Nilidhani naisikia mimi tu," akasema. "Nilidhani ni sauti ya mashine tu, masikio yangu yananidanganya. Ikilia nilikuwa nasimama hapo kwenye korido, Baba. Nilikuwa nasikiliza kwanza. Wewe unaumia na mimi nimesimama nasikiliza. Nimeshindwa kulala kwa ajili ya hilo."

Sista alijifanya anatafuta pamba kwenye mkoba wake. Aliitafuta sana.

Ijumaa hiyo hiyo, mchana

Wamenipa nafasi nipumzike, nami naandika. Sindano ya Sista imeanza kufanya kazi, nina nafuu ya muda.

Fundi ameeleza hali ilivyo. Hata kama nilibonyeza mimi, lililowezekana kwangu linawezekana kwa mwingine. Mwingine atabonyeza kwa maumivu tu, na huenda hana mtu kwenye korido. Yuko sahihi. Zahanati haitakubali mashine zibaki hivi. Lakini si lazima zikusanywe. Mistari michache inatosha: kama mbonyezo wa kitufe hicho tayari una chumba na karani hajaufikia, mbonyezo wa pili usichukue chumba kingine. Uhesabiwe humo humo. Akipakia kwangu leo na ikikaa sawa, kesho anaanza kuzunguka kwa wengine, wa kwanza mwalimu mwisho wa mtaa. Gari halitakuja.

Akanigeuzia kompyuta nione. Ameiandika vizuri. Amekiita kipande chake kipya "ongeza_mgeni". Nimemsahihisha mahali pamoja tu: alitaka kuhesabu bila kikomo kwenye baiti moja, ingejaa ikarudi sifuri. Akajipiga paji la uso. "Mzee, wewe bado hatari!" Sijaambiwa hivyo na binti wa watu tangu ghorofani juu ya duka la viatu.

Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba nikikubali, vyumba havitajaa tena. Yaani hata kwa makusudi. Mlio umo ndani bado, hataufuta, lakini hautakuwa na sababu ya kulia. Akanitazama kama daktari anayesubiri saini.

Nikafikiria kwa muda mfupi. Ungekuwa mfupi zaidi ningekuwa mtu bora. Nikamfikiria mwalimu na mdomo wake, na koo lake lisilomeza.

Nikasema pakia.

Ameshika waya sasa hivi, anasubiri Sista aufunge mrija. Mwanangu amenyanyuka. Ameisogeza nguzo kutoka kushoto, akairudisha kulia, karibu kabisa na mto. Anamuuliza fundi kama dawa itasimama kwa vyovyote wakati wa kupakia. Fundi anasema ndiyo, imekwisha kusimama, mrija umefungwa, sindano inamtosha Mzee kwa sasa. Anamuuliza kama anaweza kungoja kidogo na waya wake. Fundi ameuweka chini, ameenda kusimama dirishani, anatazama nje kana kwamba kuna cha kutazama.

Mwanangu amekaa kitandani, bega lake kwenye bega langu. Ameweka kidole kwenye kitufe. Ananiuliza kinabonyezwaje.

Nimemwambia kumi na sita.

Ameanza. Anabonyeza kama anayeogopa kuamsha mtoto, moja, anapumzika, mbili, anapumzika — karani anamwahi, vyumba vinarudi. Ameanza upya. Anahesabu kwa midomo, kama mama yake alivyokuwa akihesabu. Nane, tisa — si hivyo, mama, usipumzike hapo, haraka kidogo, usimpe nafasi ya — miwili juu, mmoja chini.